Kyungu wa Kumwanza na gare ya Likasi

Taja jina la Gabriel Kyungu wa Kumwanza hapa Likasi, na utasikia mambo mawili. Kuna wanaosema "Baba wa Katanga". Na kuna wanaonyamaza kwanza, kisha wanaongea juu ya gare.

Siasa yake ilianza mbali na chuki ya kabila. Mwaka 1980 alikuwa kati ya wabunge 13 waliomuandikia Mobutu barua ndefu ya kurasa 52 wakidai demokrasia. Pamoja nao alikuwa Etienne Tshisekedi, Mukasai. Walifungwa, na mwaka 1982 wakaanzisha UDPS. Baadaye Kyungu akahamia UFERI ya Nguz Karl-i-Bond, na mwisho wa 1991 akawa gavana wa jimbo, wakati ule likiitwa bado Shaba.

Agosti 1992 Kongamano la Taifa la Kinshasa lilimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz. Huku kwetu moto ukawaka. Kwenye mikutano ya chama Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wa UFERI, wale JUFERI, walipita nyumba kwa nyumba. Wengi waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa hapa hapa, watoto na wajukuu wa watu walioletwa na Wabelgiji kufanya kazi ya migodi na reli. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni ya Kasai, siku nyingi, bila maji safi, na magonjwa yakaua watoto. Mashirika ya haki za binadamu yalimshutumu gavana wazi. Katika jimbo nzima waliohama walihesabiwa kwa malaki. Desemba 1993 Kyungu akarudisha jina la Katanga. Mwaka 1995 akaondolewa.

Watu wengi walifikiri amekwisha. Hapana. Katiba ya 2006 ilileta bunge la jimbo, na ndilo linalochagua gavana, si Kinshasa tena kumteua. (Raia wa Likasi hampigii gavana kura moja kwa moja, anachagua depite, na depite ndiye anayepiga.) Mwaka 2007 bunge hilo lilimchagua Moïse Katumbi kuwa gavana, na Kyungu, sasa na chama chake UNAFEC, akakalia kiti cha presida wa bunge. Katanga ilipogawanywa majimbo manne mwaka 2015, yeye aliachana na Joseph Kabila na kujiunga na upinzani wa G7. Mwaka uliofuata akawa tena upande mmoja na mzee Tshisekedi.

Juni 2019 raisi Félix Tshisekedi, mtoto wa Etienne, alimuteua presida wa baraza la usimamizi la SNCC. Ni kampuni ya reli, yenye gare zote za Katanga, ya Likasi ikiwemo.

Kyungu alikufa Luanda, Angola, Agosti 2021, akiwa na miaka 82.