Akili Mnemba na Mpango wa Picha za Video: Mfano wa Bonga, Babati

Kupanga picha za video ni kuamua, kabla kamera haijawashwa, mtazamaji ataona nini, kwa umbali gani, kutoka upande upi na kwa muda gani. Mwongozaji huandika orodha ya shoti, yaani jedwali la vipande vya picha ambavyo kila kimoja kitarekodiwa bila kukatizwa, na pengine huiambatanisha na michoro ya mfuatano inayoonyesha kila shoti itakavyokaa ndani ya fremu. Utaratibu wa michoro hiyo ulikomazwa katika studio ya Walt Disney nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa muda mrefu ulibaki mikononi mwa wenye uwezo wa kumlipa mchoraji. Leo programu za akili mnemba zimeuweka ndani ya simu ya kijana yeyote wa Babati, Tanzania, anayerekodi harusi au mafunzo ya kilimo, na hilo ni jambo la kushangiliwa.

Baadhi ya programu hizo, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, hupokea muhtasari wa maandishi na kurudisha orodha ya shoti; nyingine, kama Midjourney, huchora picha kutokana na maelezo. Zile za maandishi zimefunzwa kwa matini nyingi mno, kwa hiyo zinaijua vyema kawaida ya kuanza na picha ya mbali inayoonyesha mahali, kufuatiwa na picha ya kati inayomwonyesha mtu kazini, kisha picha ya karibu ya mkono au uso. Zaidi ya hayo, humkumbusha anayeanza kurekodi picha za ziada ambazo mhariri atazihitaji ili kufunika mahali alipokata mazungumzo. Zisichokijua, mpaka zielezwe, ni mahali penyewe.

Ichukuliwe video ya dakika tano kuhusu kilimo cha mahindi na mbaazi katika kata ya Bonga, iliyo kusini mwa Babati mjini kwenye barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Programu isiyopewa maelezo ya kutosha huelekea kurundika shoti nyingi katika muda wa mwanga wa dhahabu, yaani ule mwanga laini wa manjano unaopatikana jua likiwa chini, karibu na upeo wa macho. Ushauri huo ni mzuri, ila umeenea zaidi katika maandishi ya nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua hushuka kwa mshazari na kuchelewa kuzama. Bonga iko nyuzi 4 na ushei kusini mwa ikweta, ambako jua hushuka karibu wima: kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama huchukua takriban dakika 25 tu, ilhali mjini London, katikati ya Machi, safari hiyohiyo huchukua takriban dakika 40. Mpango unaoweka shoti kumi, kila moja na sehemu yake ya kusimika stendi, ndani ya dakika 25 utavunjika siku ya kwanza, na atakayelaumiwa ni mpiga picha.

Mwelekeo wa jua nao una hesabu yake. Jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita karibu utosini kabisa, likiacha vivuli vizito chini ya nyusi na kofia. Tena, kwa kuwa saa za Tanzania hufuata longitudo 45 mashariki ilhali Babati iko karibu na 36, jua hufika kileleni kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana, kutegemea majira. Mwongozaji anayeiandikia programu tarehe, latitudo na upande shamba linakoelekea hupata mpango unaotekelezeka, mradi aukague kwa dira akiwa shambani. Hakuna matumizi ya vifaa hivi yaliyo bora kuliko kumlazimisha mtu apaeleze mahali kwa usahihi namna hiyo.

Programu za kuchora zinadai uangalifu mkubwa zaidi. Zikiambiwa zichore shamba la mahindi, hupenda kuleta uwanda wa zao moja usio na mwisho, wakati katika shamba la mseto mbaazi husimama kati ya mahindi na hubaki zikikomaa baada ya mahindi kuvunwa, hivyo kwamba sura ya shamba hubadilika na ratiba ya kurekodi hulazimika kugawanywa katika misimu miwili. Aidha, kwa kuwa michoro mara nyingi huzalishwa mmojammoja, huvunja kanuni ya nyuzi 180, inayoitaka kamera ibaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaowaunganisha wazungumzaji wawili. Mkulima anayetazama kulia katika mchoro wa kwanza huweza kutazama kulia tena anapojibiwa na mnunuzi ambaye naye anatazama kulia, na mtazamaji akadhani wote wawili wanamwangalia mtu wa tatu. Na kwenye mchoro haisikiki ngurumo ya malori ya barabara kuu, ambayo ndiyo itakayoamua mahojiano yafanyikie wapi.

Lipo pia suala la nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtu anayeweza kutambulika kwa taarifa zake, na mkulima aliyekubali kurekodiwa hajakubali kwa hilo kwamba sura yake ipelekwe kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo ili ichorewe shoti. Kwa kazi ya kupanga, picha za shamba tupu na vijiti viwili vilivyochomekwa mahali watakaposimama wazungumzaji vinatosha kabisa.