Jumamosi ya picha Mwisenge: Mfundishe mtoto kuutazama mji wake kabla haujabadilika

Musoma. Fungua simu yako uangalie picha zilizomo. Utakuta harusi, kipaimara, mahafali, sare mpya ya shule na mtoto akilishwa keki. Sasa tafuta picha ya jiko la bibi, ya mti uliokuwa mbele ya nyumba mliyopanga mwanzo, au ya duka mlilokuwa mkikopa sukari. Wazazi wengi hawana hata moja.

Vitu vya kawaida ndivyo hupotea kwanza, kwa sababu hakuna anayedhani vitapotea. Nyumba ya udongo inabomolewa ijengwe ya matofali. Mti unakatwa kupisha barabara. Mvuvi anaachana na makasia, ananunua injini. Miaka 20 baadaye mtoto anauliza hapa palikuwaje, na mzazi hana cha kumwonyesha.

Dawa yake si kununua kamera ya gharama. Ni kutoka na mtoto saa mbili tu mwishoni mwa wiki, mkiwa na simu iliyopo nyumbani, na kupiga picha vile mnavyovipita kila siku. Kwa familia inayoishi Mwisenge na mitaa mingine ya Manispaa ya Musoma, mahali pa kwenda ni pengi, na pengine hamhitaji hata nauli.

Anzeni na shule

Shule ya Msingi Mwisenge ndiyo aliyoanzia masomo Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Alitoka kwao Butiama, mwendo wa takribani kilomita 40, akaishi bweni, kisha akaendelea na masomo Tabora.

Kwa mtoto anayepelekwa shule kwa bodaboda, kilomita 40 ni namba tu. Mkiwa mmesimama nje ya shule hiyo, mwambie afikirie mwenzake wa miaka 12 akitembea njia hiyo. Kisha mpe kazi: apige picha tatu ambazo mtu asiyeijua Mwisenge akiziona ataelewa hapa ni mahali gani. Usimwambie apige nini. Mwingine atapiga kibao cha shule, mwingine mti wa kivuli, mwingine viatu vyenye vumbi. Hapo ndipo utajua mwanao anaona nini anapotembea.

Ukitaka kuingia ndani ya uwanja wa shule yoyote, muone kwanza mwalimu mkuu. Mle kuna watoto wa wenzako.

Jambo jingine la kumfundisha siku hiyo ya kwanza ni kuhesabu. Zamani filamu ilikuwa na picha 24 au 36, zikiisha zimeisha, na kuzisafisha kulikuwa na gharama, kwa hiyo mpigaji alifikiri kabla ya kubonyeza. Simu haina kikomo hicho, na mtoto anaweza kurudi na picha 300 za ukuta mmoja. Mwekee kikomo cha picha 24. Atasogea, atarudi nyuma, atasubiri mtu apite, ndipo abonyeze.

Mwanga wa Musoma una saa zake

Musoma jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi, na huzama karibu na saa hizo hizo jioni. Saa moja baada ya kuchomoza na saa moja kabla ya kuzama ndiyo nafasi nzuri zaidi. Mwanga huja kwa ubavu, laini, na kila jiwe linaonyesha umbo lake. Saa 6 mchana jua liko utosini, macho ya watu yanajaa kivuli na maji ya ziwa yanang'aa kupita kiasi.

Ukimpiga picha mtoto akiwa ameupa mgongo mwanga mkali wa ziwa, uso wake utatoka mweusi. Mgeuze mwanga umpate usoni, au gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga kutoka hapo. Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kuanza, maana simu hukaa mfukoni na mikononi mwa watoto. Na badala ya kuvuta picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Picha inayovutwa hupoteza ubora.

Musoma ina mawe makubwa yaliyopandana kando ya ziwa, na mengine kama hayo yapo Butiama na Bunda. Ni miamba ya matale iliyobaki baada ya udongo na mawe laini ya kuizunguka kuliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu sana. Mtoto akisimama karibu nayo kwenye picha, ukubwa wake unaonekana. Ukipiga jiwe peke yake, anayetazama hawezi kujua kama ni la kukalia au ni refu kama nyumba. Subirini kidogo hapo, huenda mkamuona mnandi akianika mabawa yake au furukombe akitafuta samaki.

Lakini ziwa si uwanja wa kuchezea. Ziwa Victoria na mito inayoingia humo ina mamba, na maji ya pembeni yenye majani hubeba kichocho. Sheria iwe moja tangu mnaondoka nyumbani: hakuna anayeingia majini kwa ajili ya picha, na hakuna anayepanda jiwe lenye utelezi. Mtoto anayetazama kioo cha simu haoni anapokanyaga, hivyo mzazi ndiye awe macho yake.

Mwaloni, uliza kwanza

Mwalo wa Mwigobero ni shule nyingine. Kuna mitumbwi iliyopakwa rangi, kuna sato na sangara, kuna wachuuzi na wabebaji. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kutumia taa zinazowavuta kuja juu, na siku za mbalamwezi kali wavuvi wengi hupumzika. Ndiyo maana usiku usio na mwezi taa zao ziwani huonekana kama mji wa pili. Asubuhi yake dagaa huanikwa juani, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake.

Hapo ndipo penye somo zito kuliko la mwanga. Mama anayegeuza dagaa si mandhari. Yuko kazini, pengine hajalala, na ana haki ya kukataa. Mfundishe mtoto kuweka simu chini, kusalimia kwanza, "Shikamoo mama", kujitambulisha, kisha kuomba. Akikataliwa, aseme asante na kuondoka bila kununa. Akikubaliwa, amwonyeshe picha baada ya kupiga. Picha moja iliyosafishwa studio na kurudishwa kwa mwenyewe wiki inayofuata hujenga heshima kuliko mia zilizopigwa kwa kificho.

Mtoto akizoea hivyo mwaloni, ataelewa pia kwa nini hapaswi kumpiga picha mwenzake darasani na kuisambaza.

Matongo: magofu yasiyo na kuta

Mtu akisikia magofu hukumbuka Kilwa au Bagamoyo, kwenye kuta za mawe. Mkoa wa Mara una magofu ya namna yake. Watu wa Kanda ya Ziwa huita matongo mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha wakahama. Mengine ni ya zamani sana. Mengine yalitokana na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, baada ya agizo la Novemba 1973 kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Familia ziliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao.

Nyumba za udongo na nyasi hazisimami miaka 50. Kinachobaki ni alama: mstari wa minyaa au katani uliokuwa uzio wa boma, jiwe la kusagia lililotobolewa kwa kazi ya miaka mingi, mti wa matunda uliopandwa na mtu, kifusi kidogo kilichoota nyasi. Mgeni hupita asione kitu. Babu akifika anasema hapa palikuwa mlango, pale palikuwa zizi, kule amezikwa shangazi.

Hii ndiyo safari isiyofaa kuahirishwa. Mzee akishaondoka, mstari wa minyaa unabaki kuwa minyaa tu. Kama familia yenu ina mzazi au babu anayejua matongo ya ukoo, mpelekeni angali ana nguvu ya kutembea. Mpigeni picha akiwa amesimama pale palipokuwa mlango, mkono ukionyesha zizi lilipokuwa. Mjukuu apige picha, mwingine arekodi sauti ya mzee kwa simu ya pili. Picha moja ipigwe kutoka mbali, mlima au jiwe kubwa la karibu likionekana, ili siku moja mtu aweze kupatafuta. Kama sasa eneo lina mkulima mwingine, pitieni kwake kwanza muombe njia, asije akadhani mmekuja kudai ardhi.

Butiama inafaa kuunganishwa na safari hiyo. Makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999 yako huko, na eneo la Mwitongo ndipo yalipo makazi ya familia yake na kaburi lake. Kabla ya kupiga picha ndani ya makumbusho au kaburini, muulizeni mwongozaji pale mlangoni. Wenye siku nzima wanaweza pia kwenda upande wa Tarime hadi Daraja la Kirumi, ambako Mto Mara, uliotoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita katikati ya mafunjo ukielekea ziwani.

Yapo maeneo ambayo simu inakaa mfukoni. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza na mitambo muhimu ya Serikali havipigwi picha bila ruhusa. Mkiwa na shaka na bandari, uwanja wa ndege au daraja, muulizeni askari aliyepo.

Mvulana wa Box Brownie

Wapo wazazi watakaosema huu ni mchezo wa kupoteza muda wa masomo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Akiwa na miaka 11 hivi alipata kamera ya Box Brownie, kisanduku rahisi kisicho na mambo mengi, akaanza kupiga picha shuleni na mitaani. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar es Salaam. Picha alizopiga Ethiopia mwaka 1984 zilionyesha dunia njaa iliyokuwa ikiua watu, na misaada ikamiminika. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Comoro.

Si kila mtoto atakuwa Mohamed Amin, wala haihitajiki. Zanzibar, studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 inathaminiwa leo kwa sababu ilitunza sura za watu na mitaa ya Mji Mkongwe. Wengi waliopigwa picha hizo walikuwa watu wa kawaida, siku ya kawaida.

Kazi inayobaki nyumbani

Mkirudi, kaeni pamoja mchague picha 10 tu. Muulize mtoto kwa nini anaitaka hii na siyo ile. Zinazobaki futeni, simu ipumue. Kisha kwa kila picha iliyochaguliwa andikeni mahali, tarehe na majina ya waliomo. Daftari la shule linatosha.

Usitegemee simu kuwa sanduku la familia. Simu huibiwa, huanguka majini, na fundi akiiflashi kila kitu kinaondoka. Hamishieni picha kwenye memori kadi au kompyuta, na nakala ya pili iwe kwenye hifadhi ya intaneti kama Google Photos, inayotoa nafasi ya bure ya kuanzia. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Na kila baada ya miezi michache safisheni picha tano ziingie kwenye albamu. Karatasi haihitaji chaji.

Kuhusu kuzirusha mtandaoni, fikiri mara mbili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zipo kwa sababu mtoto hawezi kujilinda mwenyewe. Picha inayoonyesha uso wa mtoto, sare ya shule yake na mtaa anaoishi inampa mtu mbaya anwani kamili. Picha za watoto wa wenzako zisiende popote bila wazazi wao kukubali.

Mkishamaliza, mpe mtoto kalamu aandike mwenyewe majina ya waliomo kwenye picha, kwa mwandiko wake, na ya babu iwe ya kwanza. Picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya mtu usiyemjua.