Nyumba ya Ndoa

Leo tutazungumza habari za nyumba ya ndoa, yaani nyumba wanayokaa mume na mke. Sheria tutakayoieleza ni ya Tanzania Bara.

Tuchukue mfano. Mume na mke wamejenga nyumba. Mume alinunua matofali. Mke aliteka maji, akawapikia mafundi, akalea watoto. Hati ina jina la mume peke yake. Siku moja anakuja mgeni na karatasi mkononi. Anamwambia mke, "Mumeo ameniuzia nyumba hii. Ondoka." Je, mke aondoke?

Hapa yako mambo mawili, msiyachanganye. La kwanza ni kumiliki nyumba. La pili ni haki ya kukaa ndani yake. Jina katika hati huonyesha mwenye nyumba, lakini halimpi ruhusa ya kuiuza atakavyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yasema hivi: mume au mke asiiuze nyumba ya ndoa, wala kuiweka rehani, bila idhini ya mwenzake. Akiiuza kwa siri, mwenzake ana haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe, au mahakama iamue vingine. Basi yule mke asikimbilie kufunga mizigo.

Na ndoa ikivunjwa? Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja katika kuipata nyumba. Wengine walidhani mchango ni fedha tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Maji yale na chakula kile vina hesabu yake. Lakini fungu la kila mmoja hutegemea ushahidi. Si lazima liwe nusu kwa nusu.

Basi wewe unayejua kusoma sasa, isome hati ya nyumba yenu. Tunza stakabadhi. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma. Huenda ndiyo idhini yenyewe. Ukisikia nyumba yataka kuuzwa, nenda mapema kwa Msajili wa Hati, uombe kuweka zuio.

Maneno mapya: idhini, rehani, mchango, stakabadhi, zuio.

Maswali:
1. Kumiliki nyumba na haki ya kukaa hutofautianaje?
2. Kwa nini yule mke asiondoke?
3. Hati ya nyumba yenu ina jina la nani?

Kwaherini.