Kwa nini kasida husisimua mwili?

Ndugu msomaji, bila shaka imewahi kukutokea. Umekaa kwenye Maulidi, dufu zinapigwa, msomaji anapandisha sauti taratibu, na kabla hajafika kileleni vinyweleo vya mikono vimekwisha kukusimama. Wapo hapa Bonga wanaoupata msisimko huohuo wakiutazama Mlima Kwaraa asubuhi, mvua ikishakatika.

Mwaka 2001 watafiti Anne Blood na Robert Zatorre, mjini Montreal, Canada, waliwapiga watu picha za ubongo huku wakisikiliza muziki waliouchagua wenyewe. Msisimko ulipowajia, zilifanya kazi sehemu ambazo pia huhusika na raha ya chakula. Mwaka 2011 watafiti wa mji huohuo wakaonyesha kwamba hapo hutolewa kemikali iitwayo dopamini, tena kwa awamu mbili: kwanza katika sehemu moja, wakati mtu anaisubiri ile sauti aipendayo, kisha katika sehemu nyingine, raha yenyewe inapofika. Pengine ndiyo sababu kasida tuliyoisikia tangu chuoni haituchoshi. Na mwaka 2019 ikabainika kuwa watu wakimeza dawa ya kuongeza dopamini huufurahia muziki zaidi, na wakimeza ya kuizuia raha hupungua.

Sasa je, raha hiyo ikitoweka kabisa? Mama mmoja aliletwa kwangu na mwanawe. Alikuwa akiongoza kasida za kina mama, lakini kwa miezi kadhaa hakutaka hata kuzisikia. Chakula hakikuwa na ladha, usingizi ulikatika alfajiri. Nyumbani walikwisha amua: wengine jini, wengine imani imepungua. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyomliza, kwani naye alikwisha kuyaamini.

Ndugu msomaji, kupotea kwa raha ni mojawapo ya dalili kuu mbili za sonona; nyingine ni huzuni. Ni maradhi, na yana tiba. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke mgonjwa kituo cha afya. Akipewa dawa asiiache siku ya tano kwa kuona haijamsaidia, maana huchukua wiki kadhaa. Na anayetumia dawa za maradhi ya akili akihisi zimemzimia raha, amweleze tabibu wake ili kipimo kiangaliwe, asizikatishe mwenyewe.