Mwanao Anasoma au Anaimba?

Utamkuta dogo wa darasa la kwanza kashika kitabu, anatiririka ukurasa mzima bila kukwama. Baba kifua mbele, mama anaita majirani waje kusikia. Hebu ziba picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno moja tu la katikati. Kimya! Kumbe hasomi, anaimba alichokariri.

Mpenzi msomaji, usikimbilie kumwita kilaza. Darasa likifurika, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto, na anayekariri hujificha kwenye sauti za wenzake. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulianza Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, lakini sikio la nyumbani bado linahitajika.

Bahati nzuri Kiswahili hakina longolongo: kinasomwa kama kilivyoandikwa. Irabu ni tano tu, a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia na mojawapo. Anza na hizo. Zikikaa kichwani, ziunganishe na herufi moja: ma, me, mi, mo, mu. Kesho yake ka, ke, ki, ko, ku. Kata boksi la sabuni, andika kila silabi kwenye kipande chake, umwachie aunganishe mwenyewe: mama, mimi, kuku, keki, kima. Sasa hapo hana cha kukariri! Akina ch, sh, ny na ng' wasubiri kwanza.

Vitabu hakuna? Visingizio hivyo! Daladala limeandikwa Ka-ri-a-ko-o, pakiti ya chumvi ina maandishi, na khanga ya mama ina jina lake pale chini.

Dakika 10 au 15 kila siku zinatosha, TV ikiwa imezimwa. Ukichelewa kazini, kaka au dada yake anaweza kushika zamu. Akikosea, makofi ya nini? Rudini kwenye silabi. Na akisogeza kitabu hadi puani au kuomba kila neno lirudiwe, mpeleke akapimwe macho na masikio.

Jamani, tusingoje. Akifika darasa la tatu masomo yanaongezeka, na maarifa yote yamo kwenye maandishi. Wenzake watakuwa wanasoma ili wajifunze. Wa kwako atakuwa bado anawasikilizia waanze ili adakie.