Koo linalouma leo, moyo unaochoka kesho

Mtoto anarudi kutoka shule akilalamika kuwa koo linamuuma. Kumeza chakula ni shida na mwili una joto. Nyumbani anapewa maji ya chumvi asukutue, pengine na chai ya tangawizi. Baada ya siku chache yuko uwanjani anacheza mpira na wenzake, na habari ya koo imesahaulika. Hakuna aliyefikiria moyo. Lakini kwa baadhi ya watoto wa Afrika Mashariki, hapo ndipo ugonjwa wa moyo unapoanzia.

Ili kuelewa koo na moyo vinakutana wapi, tuifuate kwanza damu katika safari yake.

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenye nao. Kwa mtu mzima aliyetulia, hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani takriban mara 100,000 kwa siku. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, na moyo wake husukuma karibu kiasi hicho hicho kila dakika. Kwa hesabu hiyo, damu huzunguka mwili na kurudi moyoni kwa muda wa dakika moja hivi.

Moyo una vyumba vinne: viwili kulia na viwili kushoto, na ukuta katikati. Upande wa kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini, ambayo imekwishatoa sehemu ya oksijeni yake, na kuisukuma mapafuni. Huko damu huacha hewa ya kaboni na kuchukua oksijeni mpya. Kisha hurudi upande wa kushoto, ambao huisukuma kwa nguvu hadi kichwani, kwenye figo na hata ncha za vidole. Mishipa inayotoa damu moyoni huitwa ateri, na inayoirudisha huitwa vena. Kati yake kuna kapilari, mishipa myembamba sana ambamo damu huikabidhi miili yetu oksijeni na chakula.

Safari hii ina sharti moja: damu iende mbele, isirudi nyuma. Kazi hiyo hufanywa na vali nne, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Moyo ukijikaza, vali zinazoelekea mbele hufunguka na zile za nyuma hujifunga. Mlio ambao daktari husikiliza kifuani hutokana na vali hizo kujifunga.

Sasa turudi kwenye koo. Si kila koo linalouma ni la hatari. Mara nyingi chanzo ni virusi na mtoto hupona bila dawa maalumu. Lakini wakati mwingine chanzo ni bakteria aina ya streptokoka. Kinga ya mwili huinuka kupigana nao, na kwa baadhi ya watoto, hasa wenye umri wa miaka 5 hadi 15, kinga hiyo hukosea ikaanza kushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, mtoto anaweza kupata homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ni homa ya baridi yabisi.

Viungo hupona. Vali huenda zisipone. Kila homa inaporudi huziachia makovu zaidi, hadi nyingine zinashindwa kufunguka vizuri na nyingine zinavuja. Damu hurudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Mgonjwa huchoka upesi, hukosa pumzi akilala chali, na miguu huvimba.

Wapo wanaoishi miaka mingi bila kujua. Kwa wanawake, mara nyingi ujauzito ndio unaofichua siri hiyo. Mwanamke akiwa mjamzito, damu yake huongezeka kwa karibu nusu, na vali iliyobana haiwezi kupitisha kiasi hicho. Mama anayehema kwa shida hudhaniwa amechoka tu, kumbe maisha yake yamo hatarini.

Vali iliyoharibika sana hurekebishwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Kanda yetu inao wataalamu, wakiwemo wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na wa Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala. Hata hivyo, upasuaji ni ghali, na aliyewekewa vali ya chuma hulazimika kumeza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Kinga ni rahisi zaidi, na ushahidi umetoka hapa hapa kwetu. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu, zilizoonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 tu waliopata sindano, na kwa watoto 33 ambao hawakupata.

Kwa hiyo, mtoto mwenye homa na koo linalouma sana apelekwe kituo cha afya apimwe, badala ya kununuliwa vidonge viwili vitatu dukani. Akiandikiwa dawa, azimalize hata kama koo limetulia. Viungo vikivimba baadaye, daktari aambiwe habari ya lile koo.

Na kwa familia zinazohama kutoka nchi moja kwenda nyingine kufuata kazi, biashara au usalama, kadi ya sindano isisahaulike. Mpakani huulizwa pasipoti au kitambulisho. Kadi hiyo haitaulizwa, lakini muuguzi wa upande wa pili ataihitaji ili sindano ya mwezi ujao isikose. Moyo wa mtoto haujui kama umevuka mpaka.