Seva ya Nyumbani kwa Wati Nane

Simu ikiibiwa, nyingine hununuliwa. Picha za harusi ya dada na video ya mtoto akianza kutambaa hazina duka. Wanaotegemea hifadhi ya mtandaoni hulipia nafasi kila mwezi, na kila picha inayopanda hula bando. Ipo njia nyingine ninayoitetea bila kusita: seva ndogo ya nyumbani, inayofikiwa na simu na kompyuta zote za nyumba kupitia ruta, hata siku bando limekwisha.

Kinachoiendesha ni kompyuta ya bodi moja, kompyuta kamili yenye ukubwa wa kadi ya benki. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza Februari 2012 ili vijana wajifunze kuandika programu. Matoleo ya mwanzo hayakufaa sana kwa kazi hii. Mlango wa waya wa mtandao na milango ya USB vilitumia njia moja ndani ya bodi, hivyo faili iliyotoka kwenye diski kwenda kwenye mtandao ilipita hapo mara mbili. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ilizitenganisha njia hizo na kuleta USB 3.0. Kwa waya, filamu ya gigabaiti 2 huhama kwa sekunde 20 hivi.

Programu ni bure. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mapema miaka ya 1990, huifanya diski ionekane kama folda ya kawaida kwenye Windows au Mac. Asiyependa kuandika amri aweke OpenMediaVault, ambayo huendeshwa kwa kivinjari.

Wengi hushindwa kwenye umeme. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzungusha sahani zake huvuta karibu ampea 1 kwa muda mfupi, kisha hutulia. Milango yote minne ya USB ya Pi 4 hugawana ampea 1.2 tu. Chomeka diski mbili, au tumia chaja dhaifu ya simu, na volti zitashuka. Itazame taa nyekundu ya bodi: ikizimika huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi, volti zimeteremka chini ya 4.63, na diski inaweza kukatika katikati ya kuandika. Dawa yake ni chaja ya ampea 3 na, kwa diski ya pili, habu ya USB yenye umeme wake yenyewe.

Umeme wa mtaa nao hukatika. Ndiyo maana diski ifomatiwe kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux ambao huandika kwanza kwenye kumbukumbu yake mabadiliko ya mpangilio wa faili kabla ya kuyatekeleza. Umeme ukirudi, hujua pa kurekebisha. exFAT haina kinga hiyo. Faili iliyokuwa ikiandikwa bado inaweza kupotea, kwa hiyo UPS ndogo si anasa. Mzigo wenyewe ni mdogo: bodi na diski moja zikila wati 8 usiku na mchana, mwezi mzima hautafika uniti 6.

Wapo wanaounganisha diski mbili ziandike kitu kilekile, wakadhani wamemaliza. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote papo hapo. Nakala ya kweli hukaa kwenye diski iliyochomolewa, na ni bora zaidi ikikaa kwa ndugu mtaa mwingine. Programu ya rsync, ambayo Tridgell huyohuyo aliitoa mwaka 1996 pamoja na Paul Mackerras, hunakili kilichobadilika tu, hivyo kuisasisha diski hiyo hakuchukui muda mrefu.

Kabla ya kuweka picha hata moja, badilisha nenosiri la kiwandani, wala usiifungulie seva yako intaneti nzima kupitia ruta. Ukitaka kuifikia ukiwa safarini, pitia VPN kama WireGuard.